Kamba ya Muttalib na maji ya Lualaba



Kila sifa njema ni ya Allah, aliyeumba maji na kuyawekea kiasi chake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, watu wa nyumba yake, masahaba wake na kila anayefuata njia yao mpaka siku ya mwisho.

Wazee wetu wa safu ya mbele, vijana mliojaa hadi barazani, mama zetu na dada zetu mlio upande wenu: nauusia moyo wangu kwanza, kisha ninyi, tumche Allah. Ijumaa ya leo nataka tuzungumze juu ya mto huu wa Lualaba tunaotawadhia maji yake.

Maji yakipanda na kuingia majumbani, neno la kwanza linalosikika hapa kwetu Lokandu, Maniema, ni kwamba Mungu amependa. Ni neno la imani na hakuna Mwislamu wa kulipinga. Ubaya uko katika saa tunayolisema. Tunalisema mapema, kabla hatujauliza ni nani aliyeuza kile kiwanja cha bondeni, nani alipata habari kwamba maji yanakuja akanyamaza, na kwa nini mbegu za msimu mzima ziliwekwa chini sakafuni. Neno la kumtukuza Mola tunaligeuza kifuniko cha uzembe wetu, kisha tunarudi kulala mpaka maji mengine.

Sayyidna Umar bin Khattab, Allah amridhie, alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika mahali panapoitwa Sargh akapata habari kwamba tauni imeingia nchi ile. Akashauriana na Muhajirina, na Ansari, na wazee wa Kikureshi, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda bin al-Jarrah, mmoja wa wale kumi waliobashiriwa pepo, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akakubali kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka bonde lenye pande mbili, mmoja wa majani na mmoja mkavu: upande wowote atakaochunga, amechunga kwa kadari. Kisha akatokea Abdurrahman bin Auf na hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyoafiki uamuzi ule. Habari ilitangulia, shauri likafuata, msafara ukageuka. Hakusubiri azike watu ndipo aseme Mungu amependa.

Kisa hicho mnakijua. Ninachotaka kukaa nacho leo ni kingine, ambacho hakisimuliwi sana misikitini kwetu.

Makka iko bondeni. Mvua ikinyesha kwenye milima yake, maji huteremka mpaka Msikiti Mtukufu, na ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Katika ukhalifa wa Umar huyo huyo ilikuja gharika kubwa, watu wakaiita kwa jina la Umm Nahshal, mwanamke aliyechukuliwa na maji yale akafa. Maji yaliingia Haram, yakaling'oa Maqamu Ibrahim, jiwe alilosimama juu yake Nabii Ibrahim (a.s.), yakalipeleka hadi Makka ya chini. Watu wakalitafuta, wakalirudisha, wakalifunga karibu na pazia la Kaaba. Lakini mahali pake hasa palikuwa pamefutika. Mchanga umesombwa, alama hakuna. Umar akapelekewa habari Madina, akaja mwenyewe akiwa na hofu. Akawaapisha watu kwa Allah: yuko anayejua jiwe hili lilikuwa wapi?

Akasimama Muttalib bin Abi Wadaa, wa ukoo wa Sahm. Akasema kwamba jambo hili alikuwa akiliogopa tangu zamani. Kwa sababu hiyo alikuwa amechukua kamba akapima kutoka mahali pa jiwe hadi pembe ya Kaaba, hadi mlangoni, hadi Zamzam, na kamba anayo nyumbani kwake. Umar akamwambia aketi pale pale, akatuma mtu kuileta. Kamba ikanyooshwa, jiwe likarudi mahali pake. Baada ya hapo Umar akaamuru pajengwe ukuta wa mawe makubwa upande wa juu wa mji, ili maji yageuzwe kabla ya kuufikia msikiti. Mambo haya ameyaandika al-Azraqi katika kitabu chake cha habari za Makka.

Ndugu zangu, mtazameni mtu yule. Hakutumwa na khalifa wala hakulipwa. Alipima siku ambayo ardhi ilikuwa kavu na majirani zake, bila shaka, walimwona mtu asiye na kazi. Na khalifa, ambaye majeshi yake yalikuwa yameshinda Rumi na Uajemi, siku ile alihitaji kitu kimoja tu kutoka kwa raia wake: kipimo kilichohifadhiwa.

Sasa niulize. Lokandu nzima, ni nani mwenye kamba? Maji ya mara ya mwisho yalifika wapi, tuoneshane kwa kidole? Mmoja atasema yalifika kwenye mwembe, mwingine atasema yaliupita. Mmoja atasema ulikuwa mwaka aliozaliwa mtoto wake wa tatu. Hatuna ushahidi wa kusimama nao mbele ya mtawala wala mbele ya mtaalamu, na mbele ya Allah tutaulizwa juu ya jambo tulilokuwa tukiliona kila siku kwa macho yetu.

Wengi wetu tunautabiri mto huu kwa kutazama juu. Tukiona mawingu meusi yamesimama juu ya Lokandu tunasema maji yatapanda. Tukiona jua tunatulia. Mto wetu hauendi hivyo. Maji haya yameanza safari Katanga, karibu na mpaka wa Zambia. Yanapita Bukama, yanaingia kwenye maziwa na mabwawa ya Upemba, ambako hutanda na kukawia muda mrefu kabla ya kutoka. Pale Ankoro yanakutana na Luvua, unaoleta maji ya Ziwa Mweru. Baada ya Kabalo unaingia Lukuga, ambao ndio mlango pekee wa kutokea maji ya Ziwa Tanganyika. Yanapita Kongolo, yanajibana kwenye magenge ambayo Wazungu waliyaita Portes d'Enfer, milango ya Jehanamu, Allah atukinge nayo, yanakuja Kasongo, yanakuja Kindu. Chini ya Kindu, kabla ya kutufikia, unaingia Elila ukitoka milima ya Itombwe, Kivu Kusini. Ndipo yanapita mbele yetu kuelekea Ubundu na Kisangani.

Kwa hiyo jua linaweza kuwaka Lokandu juma zima na maji yakapanda. Mvua iliyoyaleta ilinyesha kwa watu wengine, zamani kidogo. Hilo ni tishio, na ndani yake mna rehema: maji makubwa ya Lualaba hayaji kwa ghafla. Mtu wa Kongolo huyaona kabla ya mtu wa Kasongo, na wa Kasongo kabla yetu. Elila ni habari nyingine. Umetoka milimani, unajaa upesi. Ikiwa mito yote miwili imejaa kwa pamoja, hapo ndipo penye hatari.

Ziwa Tanganyika nalo limewahi kushangaza watu. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron aliuona mlango wa Lukuga. Mwaka 1876 Stanley aliukuta umezibwa na matope na matete, na ziwa linazidi kupanda. Mwaka 1878 kizuizi kikavunjika. Mmishonari Hore alipofika mwaka 1879 alikuta maji yanakwenda kwa kasi, na kwa miaka mingi iliyofuata ziwa likawa linashuka. Maji yale hayakuwa na njia nyingine ila hii inayopita mbele yetu. Zilikuwa ni zama za waungwana, Waislamu wa pwani walioingia Maniema. Maji hayo yalifika wapi hapa? Nani aliweka alama? Tena kuanzia mwaka 1961 hadi 1964 mvua kubwa zilipiga Afrika Mashariki yote, Tanganyika likapanda sana, na huko Kinshasa, ambako mto huu unaitwa Kongo, ukafika kiwango ambacho haujakifikia tena mpaka leo. Wako wazee hapa waliokuwa watoto wakubwa miaka ile ya vurugu za baada ya uhuru. Nitawarudia.

Vijana wetu waliosoma wanasema siku hizi kuna modeli za mafuriko. Nimejaribu kuelewa, na nitawaeleza kama nilivyoelewa. Modeli ni hesabu ndefu inayofanywa na kompyuta. Unaipa mvua iliyonyesha juu, unaipa umbo la ardhi imeinamia wapi, upana na kina cha mto, na jinsi msitu na majani yanavyoyachelewesha maji. Inakurudishia jibu: maji haya yatafika mtaa gani, siku gani, kwa urefu wa goti au wa kiuno. Moja ya hizo, iitwayo LISFLOOD-FP, ilitoka Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, mwaka 2000, na imetumika pia kwa mto wetu wa Kongo. Kisha wanaiongezea hesabu ya pili: katika eneo hilo mna nyumba ngapi, shule ngapi, mashamba ya thamani gani. Hapo wanajua hasara kabla haijatokea.

Najua kuna mtu anajiuliza kama huku si kudai elimu ya ghaibu. Swali zuri. Mtume wetu ametukataza kumwendea kahini, na mimi nawakataza. Lakini tofautisheni. Nyakati za swala tunazihesabu mwaka mzima mbele, kupatwa kwa jua kunahesabiwa, na hakuna mwanachuoni anayesema ni ramli. Nabii Yusuf (a.s.) alipoijua habari ya miaka saba ya neema na saba ya njaa, hakukaa na habari, aliweka nafaka ghalani na akaomba asimamie hazina za nchi. Na kuna alama moja ya kumtofautisha kahini na mtu wa modeli. Kahini hakuambii hata siku moja kwamba huenda amekosea. Mtu wa modeli anakuambia wazi: hesabu yangu inaweza kuzidi au kupungua kwa kiasi hiki, kwa sababu sehemu fulani sina vipimo. Mimi namwamini zaidi yule anayenionesha mpaka wa elimu yake.

Na hapo kwenye vipimo ndipo aibu yetu inapoanza. Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani kilizunguka dunia siku 11 kikipima miinuko ya ardhi kwa rada. Ramani ile ndiyo iliyotumiwa miaka mingi kwa hesabu za mafuriko. Katika nchi ya msitu kama yetu rada ilipiga vilele vya miti ikavihesabu kama ardhi. Bonde lenye miti mirefu likaonekana kilima! Wataalamu wa Bristol walikuja kutoa ramani iliyoondolewa miti na nyumba kwa hesabu mwaka 2022. Desemba ya mwaka huo huo Marekani na Ufaransa walirusha setilaiti ya SWOT, inayopima uso wa mito mipana kutoka juu. Ni msaada mkubwa. Ila setilaiti haipiti juu yetu kila siku, wala haioni chini ya maji mto una kina gani, wala haijui kwamba mtaro wa karibu na soko umezibwa na taka.

Zamani za Wabelgiji vituo vya kupimia maji katika bonde la Kongo vilikuwa mamia. Leo vinavyosomwa ni vichache mno kwa mto mkubwa kama huu. Kipo kituo cha utafiti wa maji katika Chuo Kikuu cha Kinshasa, kinaitwa CRREBaC, anakiongoza Profesa Raphael Tshimanga, na wamefanya kazi pamoja na wenzao wa Bristol, Leeds, Rhodes na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watu wako, na nia wanayo. Lakini hesabu bora duniani ikilishwa kisio badala ya kipimo, inarudisha kisio.

Mmesikia ya Kalehe, kule Kivu Kusini. Alhamisi, tarehe 4 Mei 2023, vijito vilivyoteremka milimani viliwafagia watu wa Bushushu na Nyamukubi, siku ya soko. Walikufa watu zaidi ya 400, na wengi hawakuonekana tena. Wataalamu wa kimataifa wakajaribu kuchunguza kama mabadiliko ya tabianchi yalizidisha mvua ile. Wakashindwa kutoa jibu. Walisema vipimo vya mvua vya eneo lile havitoshi. Watu wengi vile wamekufa, na dunia haiwezi hata kueleza vizuri kilichowaua, kwa kukosa kopo la kupimia mvua na mtu wa kuandika.

Na mmesikia ya Kinshasa. Januari 2024 mto ulifika mita 6.20, ukikaribia ule wa mwaka 1961 uliofika 6.26. Serikali ilitangaza vifo vipatavyo 300 nchini kote. Pale kipimo kilikuwepo; Régie des Voies Fluviales, shirika la njia za mito, walikuwa wameonya tangu mwisho wa Desemba kwamba maji makubwa yanakuja. Watu hawakuhama. Sisemi ili tuwalaumu. Mtu mwenye watoto sita na chumba kimoja cha udongo, ukimwambia ahame bila kumwambia ahamie wapi, umempa habari ya kumkosesha usingizi tu. Onyo peke yake halijatimiza haki. Ndiyo maana nasema jambo hili ni la jamaa wote wa msikiti.

Sasa tuingie kwenye hasara, maana hapa vitabu vya wataalamu huandika nyumba na barabara, na sisi tunaoishi ndani yake tunajua mengine.

Muhogo ukikaa majini siku chache unaoza ardhini. Kila mtu anaung'oa kwa haraka, soko linajaa, bei inaanguka, mwenye shamba anauza kwa hasara. Miezi michache baadaye hakuna muhogo, na yule yule aliyeuza kwa bei ya bure ananunua kwa bei ya kuumiza. Njaa ya mafuriko haiji siku ya mafuriko. Inakuja maji yakiwa yamekwisha rudi mtoni na wafadhili, kama walikuja, wamekwisha ondoka. Mpunga, urithi wa waungwana katika nchi hii, unapenda maji, lakini ukifunikwa mpaka juu nao unakufa. Vyoo vinafurika, visima vinachafuka, na kolera Maniema hatuhitaji kutambulishwa. Shule inageuzwa makazi ya waliokimbia, watoto wanakaa nyumbani. Wakirudi, wavulana wanarudi wengi kuliko wasichana. Barabara ikikatika, sabuni na chumvi vinapanda. Mipaka ya mashamba inafutika, na ndugu wa baba mmoja wanafikishana kwa chefu. Wavuvi wetu wa Kigenya, ambao wanaujua mto kuliko sisi sote, wanapoteza nyavu na mitumbwi, yaani wanapoteza shamba na jembe kwa siku moja.

Na deni. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Kuna mtindo wa mfanyabiashara kumwendea mkulima wakati wa dhiki, akampa franga kidogo, akauchukua mpunga wake ungali mbichi shambani. Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda kabla hayajaonesha kukomaa, na akauliza: Allah akiyazuia matunda hayo, mtu atakula mali ya ndugu yake kwa haki gani? Swali hilo ni swali la mafuriko hasa. Maji yanakuja, mpunga unakwenda, mkulima anabaki anadaiwa, mwaka wa pili anauza shamba lenyewe. Anayefanya hivi na kusimama nasi safu moja, ajiulize swala yake inamkataza nini. Na mwenye kumdai mtu aliyepatwa na maji, Qur'ani imemwamuru ampe muda mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora kwake.

Tena wako wanaopandisha nauli ya mtumbwi siku ambayo mama mjamzito anahitaji kuvuka. Wako wanaoficha chumvi. Wanajijua.

Kuna dhambi nyingine, ambayo sidhani tumewahi kuihesabu kuwa dhambi. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikagusa unyevu. Akamuuliza mwenye mali, naye akajitetea kwamba ni mvua ndiyo iliyoinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuuweka unyevu ule juu watu wauone, kisha akatamka kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Sasa wewe unauza kiwanja mwezi wa saba. Ardhi kavu, majani yamefyekwa, mnunuzi ametoka mbali hajui mto huu. Unajua kwamba mwezi wa nne maji yanafika hapo kifuani. Unapokea pesa, unaapa kwa Mungu kwamba ni pazuri. Unyevu uko chini ya lundo, na wewe ndiye uliyeufunika. Nyumba hiyo ikianguka juu ya watoto, usije kwenye matanga kusema Mungu amependa.

Nirudi kwenye kipimo, maana bila kipimo hata haki hii haiwezekani. Muuzaji atasema hajui maji yanafika wapi, na hakuna wa kumkanusha. Waislamu wa zamani walilielewa hili. Mwaka 861 wa Miladi, kwa amri ya Khalifa al-Mutawakkil wa Banu Abbas, ilijengwa nguzo ya kupimia maji ya Nili katika kisiwa cha Rawda, Kairo, na mwanachuoni wa falaki al-Farghani ndiye anayetajwa kuisimamia. Ipo mpaka leo. Nguzo ile imechorwa dhiraa. Mto ukifika dhiraa 16, kodi ya ardhi ilitozwa kamili. Ukipungua, mkulima alipunguziwa, kwa sababu mavuno hayangekuwepo. Ukizidi sana, walijua ni gharika. Mtawala na mkulima wakasimama mbele ya nguzo moja. Sidai kwamba watoza kodi wa Misri walikuwa malaika. Nasema tu kwamba mkulima alikuwa na kitu cha kuonesha kwa kidole.

Sisi hatuhitaji nguzo ya marumaru. Tunahitaji gogo la mti mgumu usioliwa na mchwa, au chuma, lisimamishwe pale mitumbwi inapotia nanga, lichorwe mita na sentimita kwa rangi, na sufuri yake ifungamanishwe na kitu kisichohama, kama msingi wa msikiti huu. Vijana wawili walisome asubuhi na jioni, waandike daftarini tarehe na kiwango, hata siku ambazo hakuna kilichobadilika. Hasa siku hizo, kwani bila kujua mto wa kawaida ukoje huwezi kujua ulioacha kawaida. Namba hizo zipelekwe kila juma Kindu kwenye ofisi za jimbo, na kwa watafiti wa Kinshasa, maana simu tunazo. Kila mwenye ndugu Kongolo au Kasongo, na mwenye jamaa juu ya Elila, amwombe ampigie simu mto unapoanza kupanda. Tunapigiana simu kwa harusi na misiba. Gharama ya hili haizidi hiyo.

Wala lisiwe jambo la Waislamu peke yao. Wakatoliki na Waprotestanti wanakaa mitaa ile ile, na maji hayaulizi mtu anasali wapi. Padri na mchungaji waalikwe, chefu aalikwe, wavuvi wa Kigenya wapewe nafasi ya mbele kwa sababu wao ndio wenye elimu. Na katika zaka ya mpunga ya msimu huu naiomba kamati itenge fungu la wadeni na maskini wa maji, likae tayari kabla ya maji, lisianze kutafutwa watu wakiwa juu ya paa.

Mwenye chumba kilicho juu kwenye mwinuko, aamue tangu leo ni jirani gani wa bondeni atakayempokea, na amwambie. Mjane asiye na mwanamume wa kumbebea mizigo aandikwe jina. Kijana mwenye nguvu aandikwe mbele ya jina la mjane huyo.

Ewe Mola wetu, mvua zako zifanye za neema, utuepushe na gharika, uwarehemu waliokufa Kalehe, Kinshasa na kila mahali, na utupe nguvu ya kutekeleza yale tunayoyajua.

Na sasa wazee niliowaahidi. Baada ya swala msiondoke. Kila aliyeyaona maji makubwa kwa macho yake, ya miaka ile ya 1961 hadi 1964 au ya baadaye, ayakumbuke yalifika mlango gani, mti gani, ngazi ipi ya nyumba ipi. Vijana watatembea nanyi polepole, wakiwa na rangi, daftari na kamba. Aqimu swala.